Goti Ulingoni

Shinyanga mjini, 3 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi na Shangazi Anisia tu wazima, natumaini nawe, Mama na ng'ombe mko salama.

Naandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijasema. Huu mwili wangu, unaonifanya nikae nyuma darasani, umepata kazi. Jioni najifunza ngumi na mateke kwa mwalimu Sostenes. Tarehe 28 kuna mashindano ya ridhaa, nami nimeandikishwa uzito wa juu wa wanawake. Tuko wawili tu. Shangazi anasema bila ruhusa yako sipandi ulingoni. Baba, ni mahali pekee ambapo sioni aibu. Naomba.

Binti yako,
Noela

Mwakitolyo, 10 Juni

Noela mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, ila ndama mweupe anaharisha.

Barua nilimsomea Mama yako. Binti anayerusha miguu mbele za watu, kesho atakumbuka kumpigia nani goti? Kwetu msichana hupiga goti hata kwa jirani asiyempenda. Hilo ndilo naogopa ulipoteze.

Pigana mara hiyo moja, kwa kuwa umeniomba. Ya pili nitaamua mimi. Kuja siji, nani atabaki na ng'ombe?

Baba yako,
Jilala

Shinyanga mjini, 29 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa paja limevimba. Ndama je?

Nimeshindwa kwa pointi, lakini siyo hilo linaloniuma. Mpinzani wangu, Mama Davis, hubeba viroba vya mawe ya dhahabu huko machimbo madogo ya Bulyanhulu. Ni wa rika la Mama. Mwamuzi alituita katikati tugusane glovu. Nilipomtazama usoni, goti likaenda lenyewe. Nikasema shikamoo.

Ukumbi mzima ukacheka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mwamuzi, mhesabie huyo, kashaanguka." Mama Davis akaniwekea glovu kichwani. "Marahaba, mwanangu. Haya inuka nikupige."

Na alinipiga kweli. Raundi ya mwisho nikampata teke la ubavuni, akaguna, "Hilo zuri, rudia." Nikarudia.

Mwalimu kanigombeza, ati ulingoni hakuna shikamoo. Nimekuaibisha, najua. Ukisema niache, nitalia, ila nitaacha. Wabeja, Baba, asante kwa hiyo moja uliyonipa.

Binti yako,
Noela

Mwakitolyo, 6 Julai

Noela mwanangu,

Marahaba. Ndama amepona. Paja likande kwa maji ya moto na chumvi.

Nilikuwepo. Ng'ombe nilimwachia jirani yetu Raphael, nikasimama mlangoni usije ukaniona ukaogopa. Ulipopiga goti watu walicheka, nami nikacheka, kisha kwa muda sikuona vizuri. Yule wa "mhesabie" nilimwambia, "Ni binti yangu huyo, anasalimia." Akaniamkia na yeye. Kwenye teke lako la pili mguu wangu ulinyanyuka wenyewe, nikamgonga mtu wa mbele. Nilimwomba radhi.

Mama Davis nilimkuta nje akila muhogo. Nikamshukuru kwa kukuitikia, na kwa kutokuonea huruma. Kasema Desemba kuna mashindano mengine. Nimemjibu utakuwepo. Mwalimu wako mwambie mateke ni yake, goti ni letu.

Desemba tunakuja wawili. Mama yako anauliza kaptura uliyovaa ulingoni ni ya kitambaa gani, akushonee nyingine. Nimemwambia ile ilikubana.

Baba yako,
Jilala