Mama Yangu Alikuwa Mtwa

Malvern, Jumatatu, 6 Agosti 2018

Upepo wa Agosti umeingiza vumbi hadi kwenye sufuria. Jumatatu sifungui saluni, nikasema leo nipange vitu vya mama. Tangu tumzike mwezi wa nne nimekuwa nikilikwepa lile sanduku lake. Bora ningeendelea kulikwepa.

Mwaka wake wa mwisho mama alikuwa akiandika kwenye daftari la shule la binti yangu. Alisema anaandika maisha yake. Mimi nikimtania: Maman, usisahau kuandika ulivyokuwa unatuchapa. Nilidhani ni habari za wokovu na safari ya kutoka Bukavu, basi.

Leo nimelikuta ndani ya sanduku. Ukurasa wa tatu ameandika: "Mimi ni Mtwa."

Nilianza kusoma nimesimama, nikajikuta nimekaa sakafuni. Maisha yangu yote najua sisi ni wa kabila la Bashi pande zote mbili, na kwamba ndugu za mama waliisha vitani. Kumbe ndugu zake ni Batwa, watu wa msitu, waliokuwa kule kabla yetu sote, wakafukuzwa humo wakabaki bila pori wala shamba. Mama alikuwa na miaka saba mwanamke mmoja Mshi alipomchukua, akampa jina jingine, akamkanya asiseme kamwe. Baba alijua. Wameondoka wote wawili na siri yao.

Hilo ningelibeba. Ninaloshindwa kulibeba liko mwishoni mwa daftari.

Miaka miwili iliyopita, kanisani kwetu Bertrams, alikuja dada mgeni kutoka Kalehe, kule kwetu. Watu wakanong'ona kuwa ni Mtwa. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa chai baada ya ibada. Kila mtu nilimpa kikombe cha udongo, yeye nikampa cha plastiki, vile vya kutupa. Hakuna aliyenituma. Kwa bibi mzaa baba ndivyo nilivyolelewa: Mtwa hanywi kwenye chombo chenu. Nilipokimbia vita niliacha hadi picha za harusi yangu, lakini hilo nilikuja nalo.

Mama akainuka, akampa yule dada kikombe chake, yeye akachukua cha plastiki. Nikamvuta jikoni nikiwa nimewaka.

"Maman, unanipatisha haya. Ule ni Mtwa, hauone?"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona muzuri."

Kisha kile kikombe alichonywea yule dada nikakiosha mara mbili, kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha nguo, naye mama amesimama pale pale.

Kwenye daftari ameandika: "Jumapili ile nilitaka kumwambia njiani tukirudi. Nikaona namna anaosha kikombe. Nikasema hapana, acha nife nikiwa mama yake."

Nimelia mpaka kichwa kinagonga. Ningependa kuandika hapa kwamba angeniambia ningemkumbatia. Sijui. Yule dada hakurudi tena kanisani, na nakumbuka nilivyopumua. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa naye mama.

Nisamehe, Maman. Nani ataniambia kama umenisamehe?

Binti yangu amerudi kutoka shule akanikuta sakafuni. Yeye amezaliwa hapa ugenini, Kiswahili anakisikia tu, hujibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, bibi yako alikuwa Mtwa, kwa hiyo na sisi ni Batwa. Neno lenyewe halikumwambia kitu, hajawahi kulisikia likitemwa kama nilivyolisikia mimi. Akauliza tu kwa nini bibi alificha, alikuwa anamwogopa nani.

Nikasema ngoja nikaangalie maji jikoni.

Yuko pale mezani na kazi yake ya shule, kila mara ananitazama. Nikimaliza kuandika mstari huu nitakwenda kukaa karibu naye nimjibu.

Alikuwa ananiogopa mimi.