Doa la Gari Lako

Tucson, Jumapili

Dada Marisela,

Hujambo? Sisi wazima, ila joto linatukaanga. Wiki iliyopita, alfajiri kabla jua halijachoma, mimi na Baba tulipaka lami upya njia ya gari hapa nyumbani. Pale gari lako lilipokuwa likivuja oili, lami haishiki mpaka pasuguliwe. Baba alipiga magoti akasugua. Nikathubutu: "Baba, si ulimwambia Marisela asikanyage tena hapa?"

"Nilisema mengi. Lete maji, wewe mwenye maneno!"

Lami imekauka, lakini Baba bado analiegesha gari lake barabarani. Mama alipomuuliza, alinung'unika, "Pale pana mwenyewe."

Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika. Njoo, hata kama gari bado linavuja.

Mdogo wako,
Itzel