Vikombe Viko kwa Susu

Ndolo, Kasiva, na wewe Baba Ndolo usijifanye hauko:

Muthokoi iko kwa sufuria, pasheni tu. Kuku wafungiwe mvua ikianza.

Jana nikiwa sokoni, mamangu, Susu wenu, alipanda boda boda na viazi vitamu mapajani, ndio anywe na nyinyi chai ya saa kumi. Kila mtu akajaza kikombe akaenda nacho chumbani na simu yake. Susu akabaki na thamosi na ukuta. Alijioshea kikombe, akaenda.

Leo asubuhi amenipigia. Hata hakulalamika! “Kalunde, chai ilikuwa tamu. Naona watoto wako na kazi nyingi, sitawasumbua tena.”

Kwani ni kazi gani? Vikombe vyenu nimevitoa chini ya vitanda, vimejaa sisimizi.

~~Jioni nitamleta tena.~~ Hapana. Aletwe aangalie ukuta?

Nimebeba majani, maziwa, sukari na vikombe vyote. Saa kumi chai iko kwake. Anayetaka kikombe chake akifuate huko. Simu muache hapa, juu ya hii karatasi.

Mama yenu, na mimi pia ni mtoto wa mtu.