Daktari Nisiyeweza Kumkatalia

Kanja, Embu

Mama Kendi, mke wangu,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani Kanyakine. Magoti yako bado yanakubali kupanda kutoka mtoni? Ng'ombe amezaa? Na Mutuma, huyo mdogo wangu, ameacha kulitamani shamba langu la mtoni? Mwambie nimesema tena, asiingize jembe pale. Mteremko ule nitaushuka mwenyewe.

Mimi kinachonisumbua ni mgongo. Nilikuambia ni baridi ya huku. Haikuwa baridi. Ni gunia la kahawa, hapa kiwandani ninapolinda. Vijana watatu walikuwa wanalizunguka tu, wanaliangalia, nikawasukuma kando nikalipandisha kwenye mizani peke yangu. Mzee wa umri wangu! Walipiga makofi. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto unawaka moto kutoka kiunoni mpaka kidoleni, na kati ya wale wa makofi sijaona hata mmoja akiniletea kikombe cha maji.

Binti yetu Kendi alikuja akanichukua kwa nguvu. Nikapigwa ile picha ya kuingizwa mzimamzima kwenye mashine kama mkate kwenye joko. Wakasema pingili za kiuno zimebana mshipa, lazima nipasuliwe, tutafute daktari. Mimi nimechagua mafahali maisha yangu yote na sijakosea, nitashindwa na daktari?

Wa kwanza ana kliniki yake Embu mjini. Mtu mkubwa, sauti ya mhubiri. Aliangalia picha akasema, "Guka, babu yangu, wiki chache tu utarudi kubeba gunia lako." Nikampenda papo hapo. Kendi akamwuliza, "Na huu mguu anaouburuta?" Akasema, "Niachieni mimi." Nikarudi Kanja nikawaambia wale vijana wanitafutie gunia zito zaidi.

Lakini msichana wako ana kichwa kigumu, sijui alikitoa wapi. Akanipeleka kwa mwingine, hospitali ya serikali. Mama Kendi, ni mwanamke! Tena mdogo, zamani ningembeba begani pamoja na gunia. Nikamwuliza kama ninavyouliza mtu yeyote, wewe ni wa nani, wa wapi? Akasema wa Muthara, akataja ukoo wa babake.

Ukoo ule ni gishiaro yetu. Wewe unajua kiapo walichokula mababu zetu na wa ukoo ule: hatudanganyani, hatunyimani kitu kikiombwa, hatumwagani damu. Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia, "Binti yangu, basi wewe huwezi kunikata. Tutalaaniwa sote wawili."

Akacheka. "Baba, unanikimbia kwa gishiaro? Haya, ngoja nikuambie ukweli wa gishiaro. Simama kwa visigino, inua vidole."

Mguu wa kulia uliinuka. Wa kushoto ukaanguka sakafuni, pa! kama kipande cha nyama.

Akapiga magoti, akaushika, akaudunga polepole na pini. Sikusikia kitu. "Ule moto nitajaribu kukupunguzia," akasema. "Lakini unyayo huu umecheleweshwa. Huenda usiamke tena. Na magunia yamekwisha, baba, hata ukipasuliwa na nani."

"Yule mwingine amesema nitabeba."

"Yule mwingine aliushika mguu?"

Kendi akageuka akaangalia dirishani.

"Na damu je?" nikamwuliza.

"Kiapo kilikataza kuimwaga kwa ubaya. Lakini sikulazimishi unichague mimi. Nakuomba kitu kimoja tu, kwa gishiaro: usikubali kukatwa na mtu ambaye hajakushika mguu."

Ameomba. Nitamnyima vipi? Mimi ndiye niliyeitoa hiyo gishiaro ili nimtoroke, akaichukua akanifunga nayo mikono na miguu. Na mimi nilimtaka yule wa uwongo, Mama Kendi. Hata wewe ungemtaka.

Basi nimemkubali huyu. Ni Jumatano ijayo. Anataka mtu wangu awe karibu nikiamka. Njoo wewe. Kendi atanililia pale kitandani, na mimi sitaki kuliliwa nikiwa hai. Usiniambie kwamba ulinikataza kubeba vitu vizito. Najua ulinikataza.

Msalimie dada yangu mkubwa anayeniombea kila Jumapili, aendelee, lakini apunguze sauti, kanisa zima lisijue mguu wangu. Msalimie mwalimu jirani yetu, na wajukuu wote, na yule mama anayetukamia ng'ombe.

Na Mutuma mwambie alilime lile shamba la mtoni. Aanzie juu penye mawe. Hapo ndipo majembe ya wengine hushindwa, mimi nilipavunja peke yangu wewe ukiwa na mimba ya Kendi. Alime. Lakini asije hapa kunishukuru.

Ni mimi mume wako, yule aliyelipandisha gunia,

Baba Kendi