Kiti Kilichoinamia Kushoto

Elinipendo, uko wapi?

Unalikumbuka lile gari jekundu la Kiitaliano la marehemu mzee Ramnik, lile tulilokuwa tunalisikia likipanda mlima wa Kibosho kabla hatujaliona? Mwanawe Jaimin alinipa nishone viti upya, amshangaze mama yake.

Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto. Mimi na ujuzi wangu wa chuo nikasema sponji limechoka. Nikaweka jipya, nikavuta ngozi mpaka ikanyooka. La zamani nikalichoma.

Leo huyo mama akaja gereji. Nikamwamkia, akakaa upande wake wa abiria, kushoto, akapapasa kiti cha mzee. Akapapasa tena.

"Binti, mbona kimenyooka?"

"Kilikuwa kimeharibika, mama."

"Hakikuharibika. Mzee akikanyaga mafuta, injini ilikuwa inapiga kelele hatusikilizani. Basi ananiinamia huku, tuongee. Miaka yote."

Eli, alikuwa anamwinamia. Mimi nimekinyoosha.

Mama akanishika mkono. "Umeshona vizuri sana, mwanangu." Heri angenitukana.

Jaimin alikuwa nje, hakusikia hata neno. Akaingia anacheka, akakaa palepale kwa baba yake, wima, akawasha injini ili amfurahishe. Mabati yote ya gereji yakatetemeka. Nikamwona mama amegeukia upande wa dereva, midomo inasema kitu, na Jaimin anatazama mbele.

Hakuna aliyemsikia.