Vichaka vya Kuku Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Mwewe kachukua kuku mwingine! Mchana kweupe, niko hapo barazani nakata suruali ya mteja. Nilisikia jogoo akipiga kelele, nikatupa mkasi, nikakimbia. Nimekuta manyoya tu. Uwanja wenyewe mtupu kama kiganja, hakuna hata jani la kujifichia.

Mume wangu katoka karakanani kajaa vumbi la mbao. Hata pole hakunipa! Eti kuku nawafugia mwewe, bora niwauze, yeye apate pa kupanga mbao zake. Tumebishana weee. Mwisho nimesema mwenyewe: akienda hata mmoja tena kabla ya mvua, wote sokoni. Kaitikia haraka mno. Mdomo uliponza kichwa.

Lakini siwauzi ng'o. Cherehani kaninunulia yeye. Nyumba ni ya mama yake. Kuku ndio kitu nilichoanzisha mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na jibu. Vichaka! Kuku hamshindi mwewe kwa mbio, anamshinda kwa kujificha. Na jua lenyewe linawachoma, mchana kutwa wanahema midomo wazi.

Mama wa miche pale njia panda kanishauri miforsadi katikati, itoe kivuli, na michongoma pembeni kwa sababu ya miiba. Nimerudi nasukuma toroli la miche, jasho mpaka visigino. Mume wangu kacheka mpaka kashika nguzo. Eti kuku sasa wana bustani, bado viti. Acheke tu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda yote. Mgongo si wangu leo. Kila shimo nimelijaza mbolea ya kuku, nimeizoa bandani ingali mbichi, sikubana mkono. Kuku walishe miti, miti ilinde kuku. Nani kasema sina akili?

Jumatano, 19 Juni

Majani yamekuwa ya kahawia. Yote! Yamejikunja kama yamepigwa pasi ya moto. Nimemwagilia asubuhi, nimemwagilia jioni, wapi.

Mama mkwe kaja, kafukua shina moja kwa kidole, kanusa. Kaniuliza mbolea niliiacha ioze kwanza? Sikuiacha. Kasema basi mwanangu umeipika miti, mbolea mbichi ya kuku inaunguza mizizi.

Kumbe aliniona siku ile! Alikaa dirishani kutwa, ananitazama namimina ndoo baada ya ndoo, kimya. Nikamuuliza mbona hakusema. Kanijibu bila haya: wewe huambiliki.

Nimekasirika. Kinachoniuma ni kwamba kweli siambiliki.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeng'oa. Nimetoa mbolea yote, nimejaza udongo wa kawaida, nimerudishia michache iliyobaki na uhai. Mingine nimeifuata tena kwa mama wa miche. Kauliza ile ya kwanza imekuwaje. Nimemwambia imekwenda safari.

Halafu kuku wenyewe! Sijanawa mikono, wameshachakura mashina mawili, mizizi nje. Jamani, kwani nawapandia adui? Nimezungushia kila mche mawe na kipande cha wavu. Nimewafungia bandani mpaka miti ishike. Wanapiga kelele kama wameonewa. Watazoea.

Jumapili, 14 Julai

Majani mapya! Nimepiga kigelegele peke yangu uwanjani, jirani kachungulia akidhani kuna harusi.

Mume wangu kasema majani mawili si kichaka. Sawa. Lakini asubuhi nimekuta kila mforsadi una kijiti cha kuuegemeza, kimechongwa vizuri, kimefungwa kwa kamba. Nimemuuliza. Eti vipande hivyo vilikuwa vinamjazia karakana. Haya bwana.

Alhamisi, 5 Septemba

Miforsadi inanifika kiunoni. Michongoma imefumana. Nimewafungulia kuku, saa za jua kali wanalala chini ya matawi, wanaoga vumbi, wananenepa. Mayai nayaokota humo humo. Mama mkwe kaja kuona. Kasema si haba. Kwake hiyo ni hotuba nzima.

Ninayemhofia ni Mweupe. Anataga kuliko wote na hana adabu kuliko wote, wenzake kivulini, yeye katikati ya uwanja. Mawingu yameanza kujikusanya. Mume wangu anatazama juu, na mimi natazama juu.

Jumatano, 11 Septemba

Mwewe kaja.

Nilikuwa nampima mteja kiuno. Jogoo akalia ile sauti yake. Kuku wote — fyuu — chini ya miforsadi! Uwanja mtupu! Niliona kwa macho yangu, nikataka kushangilia. Mwewe akashuka hivyo hivyo, kule penye michongoma, vumbi, mabawa, kisha akapanda. Jua likanipiga machoni. Sikuona kama kucha zake zina kitu.

Nimefika mume wangu keshafika, na nyundo yake mkononi. Nikaanza kuhesabu kuku kwa sauti. Mweupe hayupo! Nikapiga ukelele. Akanifukuza, eti nawatisha. Nimekaa hapa kwenye cherehani, mteja kaondoka na nusu ya vipimo.

Namwona mume wangu kutoka hapa. Kalala kifudifudi chini ya mchongoma, miguu tu ndiyo iko nje. Miiba imemshika shati. Nimempigia kelele atoke, nilisema mwenyewe na neno ni neno, kama Mweupe kaenda basi kaenda, wote sokoni. Hataki. Anasema kuna kitu cheupe huko ndani kabisa, hajui kama ni kuku au ni manyoya. Anaita taratibu, kuu, kuu, kuu. Mume wangu huyu, aliyetaka niwauze!

Ananiita sasa. Anataka tochi. Na anasema nisithubutu kuhesabu tena mpaka yeye atoke.