Karibu kwenye maji ya moto

Mujukuu wangu Keza,

Uko muzima huko Kigali? Sisi tuko. Mama yako bado anavuka mupaka pa Petite Barrière kila asubuhi na mboga zake, na magoti yangu yananisumbua kama unavyoyajua.

Umeniuliza kama ni vizuri serikali kuiuzia kampuni ile fasi ya maji ya moto pembeni ya ziwa. Bon, mi sijui. Watoto wa jirani watapata kazi pale, na kazi si jambo dogo.

Lakini nakumbuka nilipokuwa binti. Sisi wote tulikuwa tunapika viazi katika maji yale, kila mutu na kikapu chake. Siku moja mudogo wangu akaungua muguu. Baba akajenga ukuta wa mawe kuzunguka shimo lenye moto zaidi, akaacha kamulango. Watu wakamushukuru sana.

Kisha akaja mukecuru mumoja, bibi muzee jirani yetu, aliyepika pale kabla baba hajazaliwa. Alipofika kwenye kamulango akapiga hodi. Baba, aliyekuwa ndani, akamujibu, "Karibu."

Yule mukecuru hakuingia. Alimuangalia baba, akarudi nyumbani na viazi vibichi. Baba hakuelewa, hata mimi. Ukuta ulikuwa muzuri, na hakuna mutoto aliyeungua tena.

Jana nilishuka kuloweka magoti. Kampuni imeshaanza kupima ile fasi na kuizungushia kamba. Kijana wao mumoja, mwenye adabu kabisa, akaniinulia kamba: "Karibu, mukecuru."

Nikasema asante, kama mugeni. Tangu jana najiuliza nilimushukuru kwa nini.

Nyogokuru wako,
Gisenyi